Mama Veneranda Anakwenda Melini

Wema aliposema watalala Hedaru, halafu Korogwe, halafu Msata, kaka yake Rubeni alicheka mpaka chai ikampalia.

"Nani analala Korogwe akienda Dar?" aliuliza, akijifuta ndevu kwa kiganja. "Basi linatoka Same asubuhi, jioni watu wako Dar wanakula chipsi. Si wewe mwenyewe unayewakatia tiketi?"

Kweli, ndiye. Wema alikuwa wakala wa tiketi kwenye stendi ya Same, na kwa miaka yote aliyokaa kwenye kile kibanda hakuwahi kusikia abiria akiulizia habari za kulala njiani. Kati ya Same na Dar palikuwa na kula, palikuwa na kuchimba dawa vichakani, basi. Lakini abiria wa safari hii hakuwa wa kukatiwa tiketi. Alikuwa mama yao, Mama Veneranda, ambaye aliteleza kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba ya huko juu Suji, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Nyonga ilivunjika, mgongo nao ukaumia. Alitibiwa, mfupa ukaunga, akajifunza upya kutembea kwa mkongojo. Ila ukimkalisha kitini akapitiliza kidogo, maumivu yalimpanda kutoka kiunoni hadi kisogoni, na kesho yake hainuki kitandani.

"Ndiyo maana nasema tusiende kiabiria," Wema alijibu. "Twende taratibu. Tunasogea, tunalala, tunaamka, tunasogea tena."

Rubeni aliacha kucheka. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, mzee wa kanisa la Wasabato pale kijijini, na mlango wa nyumba yake ulitazamana na wa mama. Siku ile ya kuanguka, yeye na wanaume wenzake ndio waliomteremsha mama mlimani kwa machela, wakipokezana mabega, na kila kilio cha njia ile alikisikia yeye kabla ya mtu mwingine.

"Sadock tunamwona kwenye simu," alisema kwa sauti ya chini. "Anampigia mama, wanatazamana, wanaomba pamoja. Yanatosha. Mkimzungusha mama huko barabarani mkanirudishia mtu asiyeweza hata kusimama, nitafanyaje mimi?"

Sadock alikuwa kitinda mimba wao. Aliondoka Suji akiwa kijana wa kupaka grisi kwenye mitambo ya meli, mama yake akiwa bado anapanda na kushuka milima kama mbuzi. Likizo yake ya kwanza iliangukia kipindi cha korona, bandari zikafungwa, akakwama baharini. Likizo ya pili aliitumia kusomea cheti. Sasa alikuwa injinia wa tatu kwenye meli kubwa ya kitalii, ile ya kubeba watu wanaozunguka dunia kwa raha zao, na msimu huu meli hiyo ingetia nanga Dar es Salaam. Ingeingia Jumapili asubuhi na kuondoka jioni. Mabaharia wa zamu ya mitambo hawakuruhusiwa kutoka, ila ndugu zao wangeweza kuingia. Ujumbe aliomtumia Wema ulikuwa mfupi: "Mimi siwezi kushuka. Mama anaweza kupanda?"

"Mmemaliza kunijadili?"

Sauti ilitoka chumbani. Mkongojo ukagonga sakafu, pazia likasogezwa, na Mama Veneranda akasimama mlangoni, mwembamba, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani barabara.

"Mnanijadili kama gunia la maharage," alisema. "Mmoja anataka lipakiwe, mwingine anataka libaki ghalani. Gunia lenyewe mmeliuliza?"

Watoto wake wakainamisha vichwa, watu wazima wote wawili.

"Haya mama, tunakuuliza," alisema Rubeni.

"Nakwenda. Ila mnajua mimi sisafiri Sabato. Kwenda kanisani sawa, kwenda kumwona mgonjwa wa jirani sawa. Lakini safari ya kukata nchi, hapana. Ijumaa jua likizama, popote nitakapokuwa, hapo ndipo nimefika."

"Nimeliweka hilo, mama," Wema alisema haraka. "Jumatano tunateremka Makanya, tunalala Hedaru kwa shangazi Agatha. Alhamisi tunalala Korogwe. Ijumaa tunaingia Msata mapema, tunapumzika Sabato yote. Jumapili alfajiri tunamalizia Dar. Hakuna siku utakayokaa garini mpaka ukachoka."

Mama alimgeukia binti yake. "Umelifikiria," alisema.

Rubeni alishusha pumzi ndefu. "Kwa sharti moja. Akisema inauma sana, mnageuza. Siku hiyohiyo."

Kulifikiria kwenyewe kulikuwa kazi. Daktari wa mifupa hakukataa safari. Alichokataa ni kukaa. Alale chali, alisema, au asimame, na kila baada ya kipande cha njia ashuke atembee. Kwa hiyo Wema alimwendea Iddi, jirani yake pale Same mjini, mwenye Noah iliyokuwa ikibeba abiria wa kukodi. Iddi aling'oa viti vya nyuma vyote, akatandika godoro, akafunga kamba imara darini ili mama apate pa kujishikilia kwenye kona. Wakapanda nayo Suji kwa majaribio. Mama alilala, Iddi akaendesha kwenda na kurudi katika barabara ya kijiji, Wema akiwa na saa mkononi.

"Iweke hiyo saa mfukoni, mimi napima mwenyewe," mama alimwambia, akaanza kuimba nyimbo za kanisani, mmoja baada ya mwingine. Mgongo ulipoanza kuwaka, akanyamaza. Wema akajua kipimo chake: mama akiimba, gari liende, mama akinyamaza, gari lisimame.

Halafu zikaja simu za nyumba za wageni. Wema hakuuliza bei wala televisheni. Aliuliza kitanda kina kimo gani, maana mama hakuweza kuinuka kutoka kitanda kilichokaa chini. Aliuliza choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, mlangoni kuna vidaraja vingapi, gari linafika hadi mlangoni au linaishia getini. Mhudumu mmoja wa Mombo alijibu yote kwa unyenyekevu mkubwa, mwishoni akauliza kwa woga, "Samahani dada, wewe ni wa idara ya afya?" Mwingine wa Korogwe alicheka tu, akasema, "Dada mlete huyo mama. Kitanda kikiwa kifupi nitakiinua kwa matofali." Wema akamchagua huyo. Msata hakupata nyumba ya wageni ya kumfaa, lakini kupitia kwa mchungaji alipata namba ya Justa, mama mmoja Msabato aliyekuwa na chumba cha nje, naye akasema kwa moyo mkunjufu kwamba watakula Sabato pamoja.

Jumatano wakaondoka. Barabara ya kutoka Suji kuteremka Makanya inajipinda kama utumbo, upande mmoja jabali, upande mwingine unatazama chini unaona mabati ya watu yaking'aa kama sarafu. Rubeni aliomba, akafunga mlango wa gari kwa mikono miwili, akasimama njiani mpaka walipopotea kwenye kona. Iddi aliendesha kama aliyebeba mayai. Mama aliimba njia nzima. Walipofika lami ya Makanya alinyamaza, akashuka, akatembea mara tatu kuzunguka gari mbele ya wauza matunda, akasema, "Sehemu mbaya imekwisha. Kilichobaki ni barabara tu."

Hedaru alilala kama mtoto. Asubuhi aliamka akadai uji, na shangazi Agatha, wifi yake wa siku nyingi, alimpigia Rubeni kumwambia mgonjwa wake anakula kuliko wazima. Alhamisi walipita Mkomazi, wakapumzika Mombo chini ya milima ya Lushoto, na alasiri wakaingia Korogwe. Yule mhudumu alikuwa amekiinua kitanda kweli, matofali mawili kila mguu, na mama alipokaa ukingoni miguu yake ikagusa sakafu sawasawa. Wema alitoka nje akajikuta anatabasamu peke yake. Vituo viwili, na mama mzima. Kama mtu angemwuliza wakati ule, angesema hajawahi kufanya jambo zuri kuliko hilo.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Sadock, nyuma yake mitambo ikiunguruma.

"Dada, mambo yamebadilika. Upepo umechafuka huko visiwani Komoro, nahodha amefuta kituo kimoja. Tunaingia Dar Jumamosi asubuhi, si Jumapili. Tunaondoka Jumamosi hiyohiyo alasiri. Majina yenu nimeshayahamishia siku mpya. Dada... kama haiwezekani, nitaelewa. Msimsumbue mama."

Wema alisikiliza mara mbili. Meli ingeingia Sabato. Ili mama awepo bandarini siku hiyo, ilibidi aingie Dar kesho, Ijumaa, kabla ya jua kuzama. Njia aliyomkatia vipande viwili, Korogwe hadi Msata na Msata hadi Dar, ilibidi mama aimalize kwa mkupuo mmoja.

Kabla hajajua la kusema, Rubeni naye alipiga. Sadock alishamwambia.

"Geuzeni," alisema. "Hakuna wa kulaumiwa. Umejitahidi, dada yangu, Mungu anaona. Lakini geuzeni."

Wema aliingia chumbani akiwa na simu mkononi, akamweleza mama yote kama yalivyo, bila kuficha kitu. Iddi alisimama mlangoni na sahani ya machungwa aliyokuwa amemletea mama.

Mama Veneranda aliweka mkongojo kando. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe huyo."

"Rubeni," alisema, "hujambo baba? Mimi sijambo. Nimelala Hedaru, sijambo. Nimefika Korogwe, sijambo. Wewe ulinibeba mlimani nikilia, na najua kilio kile hakijakutoka masikioni. Lakini mwanangu, mimi nilishanyamaza. Bado wewe."

Mama akahamishia simu sikio la pili. 

"Utatuombea?" mama aliuliza.

"Nitawaombea, mama," sauti ya Rubeni ilikwaruza.

Mama akarudisha simu. "Haya Wema. Wewe ndiye mwenye njia. Nipitishe."

Hapo ndipo Wema alipoelewa kwamba ile kazi ya kupiga simu haikupotea bure. Vituo vyake vilikuwepo palepale. Kilichobadilika ni muda wa kukaa. Pale alipopanga mama alale usiku, sasa angelala nusu saa. Alimpigia Justa wa Msata, akamwomba radhi kwa sababu alijua ameshaandaa Sabato ya watu watatu. Justa hakumwacha amalize. "Chumba kipo, kitanda kipo. Mchana, usiku, vyote ni kulala. Mleteni." Akapata hosteli ya kanisa Kurasini, si mbali na bandari, chumba cha chini kisicho na ngazi. Akapata pia kituo cha mafuta chenye uwanja mpana pale Mkata, ambapo mama angeweza kutembea bila kukwepa pikipiki. Iddi alikagua matairi, akalala mapema.

Waliondoka Korogwe kulipopambazuka. Segera wakakata kulia, Kabuku ikapita, Mkata mama akatembea kama ilivyopangwa, akanunua na karanga. Wema alianza kuamini. Ndipo karibu na Mbwewe walipokuta magari yamejipanga, injini zimezimwa, madereva wameegemea milango. Lori la saruji lilikuwa limelala katikati ya barabara mbele huko, na winchi ilikuwa bado inatafutwa.

Iddi alikwenda kwa miguu kuangalia, akarudi akitikisa kichwa. "Hii si ya sasa hivi."

Wema aliitazama saa yake. Kila dakika ya pale ilikuwa inaliwa kutoka kwenye jua la jioni. Lakini mama alikuwa ameshafungua mlango.

"Si ulisema nipumzike?" alisema. "Basi hapa pana mti na pana watu."

Wakamtandikia mkeka kivulini, kando ya barabara. Abiria wa basi lililokwama mbele yao walikuja kumsalimia, shikamoo kwa shikamoo, na walipoambiwa bibi huyu katoka Suji milimani na anakwenda kumwona mwanawe melini, habari ikaruka gari hadi gari. Mtu akaleta mto. Mwingine akaleta maji ya baridi. Winchi ilipofika hatimaye na upande mmoja wa barabara ukafunguliwa, dereva wa lile basi alishuka akasimamisha msururu wake kwa mkono. "Mpisheni bibi wa meli!" alipiga kelele. Noah ikapita kwanza, na watu wakapiga makofi pande zote mbili za barabara. Mama akawapungia akiwa amelala chali, mkono tu ukionekana dirishani.

Wakavuka Wami. Msata waliingia adhana ya Ijumaa ikiwa imeshaanza.

"Tusisimame sana," Iddi alisema akimtazama Wema kwenye kioo. "Mimi ni msafiri, nina ruhusa. Mama ajinyooshe kidogo, mimi nitaswali baadaye."

"Iddi," mama alimwita kutoka kwenye godoro. "Unataka niifikie Sabato yangu kwa kuila Ijumaa yako?"

"Mama, nawaza muda."

"Nenda msikitini. Mimi nakwenda kwa Justa kulala. Tukitoka hapo, wote wawili tutakuwa tumekwishaongea na Mungu, na yeye ndiye mwenye jua."

Iddi alicheka, akavua kofia yake ya kuendeshea, akavaa ya kuswalia. Justa, mama mnene mwenye sauti ya kujaa nyumba, alimpokea mama mikononi kama ndugu aliyepotea, akamlaza kwenye kitanda kilichotandikwa shuka jipya. Iddi aliporudi, mama alikuwa ameamka na Justa anawafungia hotpoti ya makande na nyingine ya wali, chakula cha Sabato kilichopikwa kabla. "Mkifika hamtakuwa na la kufanya ila kula na kusifu," alisema.

Kutoka Msata barabara ilikuwa nyeupe na mama aliimba mfululizo. Bagamoyo ikapita. Bunju ndipo foleni ilipowanasa. Ijumaa jioni, kila mwenye gari Dar alikuwa barabarani. Tegeta walikwenda mwendo wa konokono. Walipokaribia Mwenge, jua lilikuwa limeshainamia upande wa kulia, jekundu nyuma ya moshi, na Wema akagundua kwamba kwa muda fulani hajasikia wimbo.

Aligeuka. Mama alikuwa ameshika kamba ya darini kwa mikono miwili, midomo imekazwa, jasho linamtiririka kwenye paji la uso.

"Mama. Inauma."

"Inauma."

"Sana?"

"Sana."

Wema alilikumbuka sharti la Rubeni. Alitaka kumwambia Iddi aegeshe. Mama alimsoma usoni.

"Usigeuze," alisema, akivuta pumzi kwa vipande. "Kugeuza ni mbali kuliko kufika. Niimbieni nyinyi. Mimi nimechoka kuimba, sijachoka kwenda."

Basi Wema akaimba, na sauti yake, ambayo stendi nzima ya Same iliijua kwa kuita abiria, ikajaza ile Noah. Iddi hakuyajua maneno, lakini alishika kiitikio, akawa anaitikia huku akikata kona ya Ubungo na kuingia barabara ya Mandela. Hapo foleni ikalegea. Malori ya bandarini yalikuwa yanatoka, wao walikuwa wanaingia. Jua lilikuwa bado limeshikilia vilele vya makontena yaliyopangwa kama nyumba za ghorofa wakati Iddi alipokata usukani mara ya mwisho na kuzima gari mbele ya hosteli.

Wakamteremsha taratibu. Alisimama, akaegemea mkongojo, akatazama juu ya paa mpaka akaliona jua kwa macho yake.

"Bado lipo," alisema.

"Bado lipo, mama," Wema alisema, na machozi yakamtoka bila kuaga.

Waliingia ndani, mama kwa miguu yake, wakamlaza, na jua lilipozama walifungua Sabato kwa sala, Iddi akiwa amekaa kibarazani, amenyoosha miguu, anatafuna chungwa la Korogwe kama mfalme.

Usiku ule Wema alilala akihofia asubuhi. Mama angeweza kuamka hawezi kusogeza mguu. Lakini kulipokucha alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa gauni lake la kanisani, anajaribu kufunga kitambaa bila kioo.

"Bado kunauma," mama alikiri kabla hajaulizwa. "Lakini ni maumivu ya mtu aliyefanya kazi. Nifungie hiki nyuma."

Meli waliiona kabla ya kuiona bandari. Ilikuwa nyeupe, ndefu, madirisha juu ya madirisha, kana kwamba mtu ameichukua Suji yote na kuisimamisha wima juu ya maji. Getini majina yao yalikuwepo. Wakapita, wakatembea kwa mwendo wa mama kuelekea kwenye ngazi ya chuma iliyoteremshwa kutoka ubavuni mwa meli. Mabaharia wawili walikuwa wameshaandaa kiti cha magurudumu na mikanda ya kumnyanyulia. Na juu kabisa, kwenye mlango wa meli, alisimama mwanaume mwenye mabega mapana, nguo nyeupe, mistari ya dhahabu begani. Wema hakumtambua mpaka alipoanza kulia.

"Mama!" Sadock aliita, akaanza kushuka mbio.

"Baki hapohapo!" Mama Veneranda aliinua mkongojo. "Usishuke. Mimi ndiye niliyekuja."

Sadock akaganda katikati ya ngazi. Mmoja wa mabaharia alisogeza kiti, akionyesha kwa ishara kwamba ni mwinuko mkali. Mama aliitazama ile ngazi kutoka chini hadi juu, kama anavyotazama shamba kabla ya kulilima.

"Hii ina vishikio pande zote mbili," alimwambia Wema kwa Chasu, lugha yao ya Kipare. "Njia ya shambani kwangu haina hata kimoja."

Akampa Wema mkongojo. Akashika chuma kulia na kushoto. Akapanda. Daraja, akapumua. Daraja, akapumua. Wema alikuwa nyuma yake, mkongojo kwapani, mikono tayari, haijamgusa. Juu kwenye sitaha, watalii waliokuwa wanasubiri kushuka walisogea kwenye ukingo kutazama. Walipofika alipokuwa amesimama Sadock, mama hakumkumbatia. Alimpita kwanza, akapanda daraja zilizobaki, akaweka miguu yote miwili ndani ya meli. Ndipo alipogeuka na kufungua mikono.

"Shikamoo mama," Sadock alisema akiwa amezama kwenye bega lake.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Watalii wakapiga makofi, na Iddi aliyebaki chini bandarini, akiwapiga picha kwa simu, akapiga kelele za shangwe zilizosikika mpaka kwenye makontena.

Sadock alimtafutia kitanda cha kupumzikia kwenye zahanati ya meli, na alipopata nafuu mama hakutaka kuonyeshwa mabwawa ya kuogelea wala kumbi za dansi. "Nionyeshe unapofanya kazi." Akateremshwa kwa lifti hadi kwenye chumba cha kuongozea mitambo, akatazama zile taa na saa zisizohesabika, akamwuliza, "Ukikosea hapa, meli inasimama?" Sadock akasema ndiyo. "Na wamekuachia wewe?" Wamemwachia yeye. Mama akaketi sekunde chache tu kwenye kiti cha injinia, akapapasa meza yake kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa ushindi usiohitaji maneno.

Kabla ya chakula Sadock aliwapeleka kwenye chumba cha kulia cha mabaharia. Watu kama kumi hivi walikuwa wamekaa pembeni, Wafilipino wengi wao, mmoja na gitaa. "Hawa ndio kanisa langu, mama," Sadock alisema. "Kila Jumamosi, popote tulipo." Wakasimama kumpokea. Yule mwenye gitaa akapiga wimbo ambao mama aliujua tangu utoto. Wao wakauimba kwa lugha yao, Sadock kwa Kiswahili, Mama Veneranda kwa Chasu, na sauti yake, iliyonyamaza jana Mwenge, ikapanda juu ya zote.  Makande ya Justa, waliyokuwa wamekuja nayo, yaliliwa pale, na yule mpiga gitaa akaomba aongezewe.

Alasiri waliagana mlangoni, safari hii bila haraka na bila kilio kirefu, maana Sadock alikuwa ameshapewa likizo ya mwisho wa mwaka na tarehe yake ilikuwa imeandikwa. Mama alikubali kuteremka kwa kiti. "Kushuka si kazi," alisema, "wacha nao wajisikie wamesaidia."

Iddi aliwapeleka Magogoni, mahali ambapo meli zikitoka bandarini hupita karibu kabisa na nchi kavu. Ile meli nyeupe ilikuja taratibu, kubwa kuliko majengo ya ng'ambo, na kwenye sitaha ya chini mtu mmoja alikuwa anapunga kitambaa cha mezani. Mama alisimama wima ukingoni mwa barabara mpaka meli ikageuka na kuingia bahari kuu.

Simu ya Wema ikalia. Alikuwa Rubeni, nyuma yake kelele za watu.

"Nimeonyesha picha za ngazi alizonitumia Iddi, hapa kanisani," alisema, akihema kama aliyepanda yeye. "Simu imezunguka benchi hadi benchi. Watu wamesimama, Wema. Wamesimama wote. Mchungaji ameshindwa kuendelea." Kisha akauliza, "Mnarudi lini? Nije niwapokee Makanya?"

Wema alimtazama mama, ambaye alikuwa amemshika Iddi mkono na tayari anarudi garini.

"Mwambie kesho tunalala Bagamoyo," mama alisema. "Nataka kutia miguu baharini. Halafu Msata kwa Justa, nina hotpoti zake. Halafu Mombo, halafu tutaona. Mwambie asitusubiri Makanya mapema."